Shinkolobwe Katika Sinema

Mwaka 1957 Baba Mtakatifu Pio XII aliwaandikia Wakristo wa ulimwengu mzima barua juu ya sinema, redio na televisheni. Aliwafundisha kwamba vyombo hivi vyaweza kuwa zawadi ya Mungu, na kwamba yampasa mtazamaji aje na akili yake na dhamiri yake, apime anachoonyeshwa. Tangu siku hizo vyombo vimezidi kuwa vingi, na leo kijana wa Kenya au wa Katuba hapa Lubumbashi aweza kuwa na sinema nzima katika simu yake. Lakini kazi ya kupima haikupungua, imeongezeka. Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea hukumu yetu juu ya filamu moja inayozungumzwa sana, maana wengi wametuuliza: je, yafaa kuitazama? Je, yasema kweli?

Filamu hiyo yaitwa Soundtrack to a Coup d'Etat, maana yake Muziki wa Mapinduzi ya Serikali. Ameitengeneza Mbelgiji, Johan Grimonprez. Ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 2024 katika tamasha la Sundance huko Marekani, ikapata tuzo ya pekee ya waamuzi. Na mwaka 2025 ilikuwa miongoni mwa filamu tano za mambo ya kweli zilizoshindania tuzo ya Oscar. Urefu wake ni dakika 150. Hakuna mchezaji aliyevaa nguo za Lumumba au za Mobutu. Watu twaowaona ni wenyewe, katika picha zilizopigwa wakati ule ule, na sauti twazozisikia ni sauti zao, au maneno ya vitabu vyao yakisomwa.

Filamu hii yatuhusu sisi watu wa Katanga kuliko wengine wote. Mambo mawili makubwa yaliyomo yalitendeka kwetu: uraniamu ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, na Patrice Lumumba aliuawa usiku wa 17 Januari 1961 porini, si mbali na mji huu wetu, ulioitwa wakati ule Elisabethville. Basi tunayo haki ya kuuliza maswali ambayo mtazamaji wa Paris au New York hatayauliza. Na neno letu, tuliseme mapema, ndilo hili: filamu hii yasema kweli kubwa, na yafaa kutazamwa, lakini imeacha kumwita shahidi mmoja, naye ndiye aliyebeba mzigo wote. Shahidi huyo ni mfanyakazi wa Shinkolobwe.

Kwanza tueleze yaliyomo. Mwaka 1960 nchi nyingi za Afrika zilipata uhuru, na katika mwaka huo nchi 16 za bara letu zilipokelewa katika Umoja wa Mataifa. Ghafla kura za Waafrika na Waasia zikawa na nguvu. Kongo ilipata uhuru 30 Juni. Siku kumi na moja baadaye, 11 Julai, Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ikawa inalipa kodi yake kwa Tshombe badala ya kuilipa serikali ya Leopoldville. Tarehe 14 Septemba Kanali Mobutu akainyang'anya serikali mamlaka. Lumumba akafungiwa nyumbani mwake, akatoroka, akakamatwa, na mwisho akaletwa kwa ndege hapa kwetu, katika uwanja wa Luano, pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Hawakuuona mwanga wa siku ya pili.

Katikati ya mambo hayo mtengenezaji ameweka muziki wa jazi. Mwishoni mwa mwaka 1960 serikali ya Marekani ilimtuma mpiga tarumbeta Louis Armstrong azunguke Afrika, na alipiga muziki Leopoldville na hapa Elisabethville. Watu walicheza wakafurahi. Filamu yaonyesha kwamba nyuma ya furaha hiyo wengine walikuwa na kazi nyingine. Mwezi ule wa Septemba mtu wa idara ya ujasusi ya Marekani alikuwa amefika Leopoldville akiwa na sumu ya kumwulia Lumumba. Jambo hilo lilifunuliwa mwaka 1975 na kamati ya Baraza la Seneti la Marekani kwenyewe. Armstrong hakuwa na habari ya hayo. Alitumwa kama ngoma inayopigwa uwanjani ili kilio cha ndani ya nyumba kisisikike. Na wanamuziki wenzake walipojua, hawakunyamaza: 15 Februari 1961 mwimbaji Abbey Lincoln, mpiga ngoma Max Roach na wenzao wapatao 60 waliingia katika Baraza la Usalama huko New York, wakapaza sauti kupinga mauaji ya Lumumba. Picha hizo ni za kweli, nazo zagusa moyo kuliko hotuba nyingi.

Sasa tuje kwenye jiwe lenyewe. Filamu yaitaja uraniamu ya Katanga, lakini kwa kuwa yakimbia sana, yafaa tuwape wasomaji habari kwa utaratibu.

Madini ya uraniamu yalivumbuliwa Shinkolobwe mwaka 1915. Mwanzoni Wazungu walitaka radiamu iliyomo ndani yake, kwa ajili ya kuganga ugonjwa wa saratani. Vita kuu ya pili ilipoanza, Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alipeleka zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo New York mwaka 1940, yakawekwa ghalani katika kisiwa cha Staten. Mwezi wa Septemba 1942 jeshi la Marekani likamjia kuyanunua. Utajiri wake haukuwa na mfano: baadhi ya mawe ya Shinkolobwe yalikuwa na uraniamu zaidi ya nusu ya uzito wake, na yale ya Marekani hayakufikia hata sehemu moja katika mia. Mgodi, ambao ulikuwa umefungwa, ukafunguliwa tena kwa msaada wa wahandisi wa jeshi la Marekani, na mambo yake yote yakawa siri. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la uraniamu liliangushwa juu ya Hiroshima, na hadi mwisho wa mwaka ule watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Siku tatu baadaye ikawa zamu ya Nagasaki. Bomu la huko lilikuwa la plutoniamu, ambayo nayo hutengenezwa kutokana na uraniamu. Katika kanisa kuu la Urakami mapadri wawili na waamini waliokuja kuungama kwa ajili ya sikukuu ya Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria walikufa papo hapo. Katika parokia ile yenye Wakatoliki wapatao 12,000, walikufa karibu 8,500.

Sengier alipewa nishani na serikali ya Marekani mwaka 1946. Wale walioyatoa mawe hayo chini ya ardhi hawakuambiwa hata ni ya kazi gani.

Basi hapo ndipo ilipo kweli kubwa ya filamu. Watu wengi hudhani kwamba hatari ya bomu la atomi ni habari moja, na haki za binadamu ni habari nyingine. La kwanza ni la majenerali na wataalamu. La pili ni la wanasheria na mapadri. Filamu yaonyesha kwamba ni habari moja. Mwenye kutaka bomu ataka jiwe. Mwenye kutaka jiwe ataka siri. Mwenye kutaka siri hawezi kuwavumilia watu huru wanaouliza maswali juu ya ardhi yao. Kwa hiyo humtafuta mtawala ambaye hatauliza, wala hataruhusu mtu aulize. Hivyo silaha ya kuua watu wa mbali huanza kwa kuwanyamazisha watu wa karibu.

Msomaji wa Biblia ameyasikia hayo zamani, katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi alikataa, kwa sababu lilikuwa urithi wa baba zake. Ndipo Yezebeli alipoandika barua, akazitia muhuri wa mfalme, wakatafutwa mashahidi wa uongo, Nabothi akapigwa mawe, na mfalme akashuka kulichukua shamba. Tazameni utaratibu wake: tamaa, kisha karatasi, kisha mashahidi wa kununuliwa, kisha damu, na mwisho mali. Mwaka 1960 karatasi ziliitwa simu za siri na maazimio. Lakini utaratibu ulikuwa ule ule. Na tusisahau: waliofanya hayo si wafalme wa kale wala madikteta peke yao. Walikuwa ni serikali zenye mabunge, zenye kura, zenye magazeti huru kwao. Nyumbani walishika sheria. Kwetu walitumia njia za watawala wa mabavu, kisha wakatuachia mtawala wa mabavu. Mwaka 2001 kamati ya Bunge la Ubelgiji ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa wakati ule walikuwa na lawama ya kimaadili katika kifo cha Lumumba. Grimonprez ni Mbelgiji, naye hakuwahurumia watu wa taifa lake. Twamsifu kwa hilo.

Twamsifu pia kwa jambo la pili. Kila neno zito linapotokea katika filamu, huandikwa palepale limetoka kitabu gani na ukurasa gani. Mtazamaji hatakiwi kuamini tu. Aweza kwenda kutafuta. Siku hizi, ambapo kila mtu hurusha picha na maneno kwa simu bila kusema ameyatoa wapi, mfano huu ni mwema sana. Katekista mwema naye hufanya hivyo: hutaja kitabu, hutaja sura, ili mwanafunzi akasome mwenyewe.

Jambo la tatu ni dogo kwa urefu, lakini lachoma. Katikati ya picha za mwaka 1960 mara hutokea matangazo ya biashara ya siku zetu, ya simu za Apple na magari ya Tesla. Mtazamaji wa Ulaya hushtuka kwanza, kisha huelewa. Sisi hatuna haja ya kuelezwa. Malori ya kobalti na shaba twayaona kila siku katika barabara ya Kasumbalesa. Mawe yamebadilika jina. Njia ya kutoka ni ile ile.

Baada ya sifa, haki yatudai tuseme makosa, nayo si machache.

La kwanza ni haraka. Muziki, hotuba, maandishi, picha za tembo, picha za ndege, vyote huja pamoja kama mvua ya Desemba, wala mtazamaji hapati nafasi ya kupumua. Mtu aliyesoma historia atafuata. Mama wa Kampemba asiyesoma Kifaransa wala Kiingereza, ambaye baba yake labda aliyashuhudia mambo hayo, ataona picha zikipita tu. Ni filamu juu yetu, lakini haikutengenezwa kwa ajili ya masikio yetu. Tena, mauaji yanapofuatana na tarumbeta tamu namna ile, kuna hatari ya mtu kutoka akisifu muziki.

La pili ni mizani miwili. Filamu yampa Nikita Khrushchev, mkuu wa Umoja wa Kisovyeti, nafasi kubwa. Twamwona akigonga meza, akicheka, akiwatetea Waafrika, na maneno ya kumbukumbu zake yasomwa kama ya mzee mcheshi. Ni kweli kwamba katika Umoja wa Mataifa alisema juu ya ukoloni maneno ambayo wengine walikuwa na haya kuyasema. Lakini mtu huyo huyo ndiye aliyeyapeleka majeshi Hungaria mwaka 1956, na mwezi wa Oktoba 1961, miezi tisa baada ya kifo cha Lumumba, nchi yake ililipua bomu kubwa kuliko yote yaliyopata kulipuliwa duniani. Na uraniamu ya mabomu yake ilitoka wapi? Sehemu yake ilitoka Jáchymov, katika Chekoslovakia, ambako wafungwa wa siasa walilazimishwa kuichimba, na miongoni mwao walikuwamo mapadri. Basi kumbe Shinkolobwe ilikuwa na ndugu yake upande wa pili wa pazia! Kama filamu ingeiweka migodi hiyo miwili kando kando, mtazamaji angeona wazi kwamba bomu halina dini wala chama: popote lilipotengenezwa, kulikuwa na mtu wa chini aliyenyimwa haki yake ili litengenezwe. Grimonprez amewahukumu wa Magharibi kwa kipimo kamili, na wa Mashariki kwa nusu kibaba. Yesu Kristu alituonya juu ya vipimo vya namna hiyo.

Vivyo hivyo juu ya Lumumba mwenyewe. Filamu yampenda, nasi twaelewa sababu. Aliuawa bila hukumu, na mwili wake ukayeyushwa kwa asidi ili asiwe hata na kaburi. Jino lake peke yake ndilo lililorudishwa na Ubelgiji mwezi wa Juni 2022, likapitishwa Shilatembo, mahali alipouawa, kabla ya kuzikwa Kinshasa. Lakini anayetaka kupima mambo kwa haki na akumbuke pia yale yaliyotendeka Bakwanga, katika Kasai, mwezi wa Agosti na Septemba 1960, ambako askari wa serikali ya Lumumba waliwaua raia wengi. Na akumbuke Waluba wa kaskazini mwa Katanga walioteketezewa vijiji na askari wa Tshombe. Haki za binadamu ni za kila mtu, au si haki.

La tatu ndilo kubwa, nasi tulilitaja mwanzoni. Wanaosema kwa kirefu katika filamu hii ni akina nani? Ni Conor Cruise O'Brien, Mwairlandi aliyetumwa Katanga na Umoja wa Mataifa, ni Khrushchev, ni Andrée Blouin, mama shujaa aliyekuwa mkuu wa itifaki wa Lumumba, ni In Koli Jean Bofane, mwandishi wetu Mkongomani. Wote wana la kusema. Lakini katika mashahidi hao wakuu hakuna mchimbaji wa Shinkolobwe hata mmoja. Jiwe latajwa, bei yake yatajwa, wanunuzi wake waonekana wakiwa na suti na kofia. Mikono iliyolitoa haina jina.

Watu hao hawakuwa bubu. Tarehe 9 Desemba 1941, katika miaka ile ile mawe yalipokuwa ghalani New York, wafanyakazi wa Union Minière waligoma hapa Elisabethville wakidai mshahara bora, maana vita vilikuwa vimepandisha bei ya kila kitu. Walikusanyika katika uwanja wa mpira. Askari wakawapiga risasi, na wengi walikufa, akiwamo kiongozi wao Léonard Mpoyi. Hiyo ndiyo sura ya kwanza ya kitabu ambacho filamu imekifungua katikati.

Tena filamu yakifunga kitabu mapema mno. Kwa sehemu kubwa yaishia mwaka 1961, wakati Mobutu alikuwa bado hajaanza miaka yake 32 ya utawala, kuanzia 1965 hadi 1997. Miaka ya 1970 alikodisha kwa kampuni moja ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG eneo la kilometa za mraba 100,000 huku kwetu Shaba, ili ijaribu roketi zake. Roketi zilirushwa mwaka 1977 na 1978. Nchi jirani ziliogopa kwamba zaweza kuwa silaha, na mwaka 1979 Mobutu akalazimika kuwafukuza. Nani aliwauliza wanavijiji wa mto Luvua? Na usiku wa 11 kuamkia 12 Mei 1990 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi walishambuliwa na kuuawa ndani ya vyumba vyao. Watazamaji wanaotaka kuijua miaka hiyo waitafute filamu ya Mbelgiji mwingine, Thierry Michel, iitwayo Mobutu, roi du Zaïre, ya mwaka 1999. Filamu hizo mbili zikitazamwa pamoja, moja yaonyesha mbegu na nyingine yaonyesha mavuno.

Shinkolobwe yenyewe nayo haikuishia mwaka 1960. Ni kweli kwamba mwaka ule mashimo makuu yalizibwa kwa saruji. Lakini baada ya vita vya miaka ya 1990, Gécamines ilipoanguka na mishahara ikakoma, maelfu ya watu walikwenda kuchimba kobalti hapo kwa chepeo na mikono mitupu. Mwezi wa Januari 2004 Rais Joseph Kabila aliamuru mahali pafungwe. Mwezi wa Julai mwaka ule ule mgodi uliporomoka, watu wasiopungua wanane wakafa. Wachimbaji hao walilijua jina la uraniamu kama neno la redio tu. Walilojua kwa yakini ni njaa.

Hapa yatupasa kusema neno juu ya Kanisa, maana gazeti la misioni lisilojipima halina ruhusa ya kuwapima wengine. Andrée Blouin, ambaye filamu yamheshimu sana, alilelewa katika kituo cha yatima cha masista huko Brazzaville, pamoja na watoto wengine waliozaliwa na baba Mzungu na mama Mwafrika. Baadaye aliandika juu ya ukali na mateso aliyoyapata humo. Halafu, akiwa mama, mtoto wake mdogo alikufa kwa malaria kwa sababu alinyimwa kwinini, dawa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya Wazungu. Wasomaji wengine watataka tuyapite hayo kimya. Hapana. Katika Kongo ya zamani serikali, kampuni na misioni zilikuwa mafiga matatu ya jiko moja. Ni kweli kwamba wamisionari walijenga shule na hospitali katika kambi za Union Minière, na wengi wetu tumejua kusoma kwa sababu yao. Ni kweli pia kwamba mara nyingi walinyamaza pale walipopaswa kusema. Mkristo aweza kusema mambo hayo mawili kwa pumzi moja bila kulisaliti Kanisa, kwa sababu Kanisa lenyewe limefundisha. Yohane XXIII mwaka 1963 alitaka silaha za atomi zipigwe marufuku. Mtaguso wa Vatikano mwaka 1965 ulilaani maangamizi ya miji mizima kuwa ni kosa juu ya Mungu na juu ya mwanadamu. Na tarehe 24 Novemba 2019 Papa Fransisko, akiwa Hiroshima, alisema kwamba si kuzitumia tu silaha hizo, bali hata kuwa nazo ni kinyume cha maadili.

Wala tusidhani kwamba atomi yenyewe ni mbaya. Jiwe la Shinkolobwe aliliumba Mungu. Mwaka 1959 katika Chuo Kikuu cha Lovanium, karibu na Leopoldville, ilianza kufanya kazi mashine ya kwanza ya atomi katika Afrika, ya masomo na utafiti, na mkuu wa chuo hicho alikuwa padri, Monsinyori Luc Gillon, mtaalamu wa elimu hiyo. Ubaya haukutoka ndani ya jiwe. Ulitoka moyoni mwa watu.

Je, sasa tufanye nini? Watu wa Hiroshima na Nagasaki walionusurika walikusanyika mwaka 1956 katika chama kiitwacho Nihon Hidankyo. Hawakungoja mgeni aje kutengeneza filamu juu yao. Waliandika, mmoja mmoja, walichokiona: mtoto aliyeomba maji, ngozi iliyochubuka, mama aliyekufa baada ya mwezi. Walisema tena na tena kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2024 wakapewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Hata wakubwa wenye mabomu wapaswa kuwasikiliza, kwa sababu ushahidi wa aliyeteswa una uzito ambao hotuba haina.

Sisi tuko upande wa mwanzo wa njia ile ile ambayo wao wako upande wake wa mwisho. Jiwe lilitoka mikononi mwa babu zetu likafika juu ya watoto wao. Nchi yetu ilitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku silaha za atomi mwaka 2017, ikauthibitisha mwaka 2022, nasi twafurahi. Lakini sahihi ya Kinshasa haitakusanya kumbukumbu za Likasi. Wazee waliofanya kazi Shinkolobwe kabla ya 1960 wamebaki wachache, tena wamezeeka sana. Wajane wao na watoto wao wapo katika vitongoji vya Likasi, Kambove na Lubumbashi. Kila msimu wa mvua twamzika mmoja pamoja na habari zake zote.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu. Filamu hii na itazamwe na watu wazima na vijana wa sekondari, si watoto. Isitazamwe kwa mara moja: igawanywe sehemu tatu, na mwalimu au katekista awepo wa kueleza kwa Kiswahili nani ni nani. Baada ya kila sehemu watu waulizane. Na baada ya sehemu ya mwisho, kila kijana apewe kazi ya kwenda kwa mzee mmoja wa ukoo au wa mtaa aliyefanya kazi migodini, akae kwenye kigoda, amwamkie kwa heshima, na kumwuliza: Baba, ulikuwa ukifanya kazi gani? Mlivaa nini? Mliambiwa nini juu ya mawe yale? Nani aliugua? Nani hakurudi? Ayaandike maneno yake kama alivyoyasema, aandike jina lake ikiwa mzee amekubali, na tarehe. Simu ile ile iliyotengenezwa kwa kobalti yetu yaweza kuishika sauti ya mzee. Daftari hizo na sauti hizo zitunzwe parokiani kama zinavyotunzwa vitabu vya ubatizo. Mji wetu haukosi vijana wenye kipaji: msanii Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi, amekwisha kuionyesha dunia kwa picha na filamu jinsi migodi ilivyowatumia watu wetu. Wengine watafuata, lakini hawawezi kutengeneza filamu kwa habari zilizozikwa.

Grimonprez amefanya sehemu yake. Amefungua makabati ya Brussels, Washington na Moscow, akatuonyesha barua za Yezebeli na muhuri wake. Lakini Maandiko hayakuhifadhi jina la mfalme na malkia peke yao. Yamelihifadhi hata leo jina la Nabothi, mtu wa Yezreeli, mwenye shamba. Majina ya wenye shamba letu hayamo katika makabati ya Ulaya. Yamo vichwani mwa wazee wetu, na muda wake ni mfupi. Mungu awape afya mpaka tuwafikie, na atupe sisi miguu myepesi.